Aptama haishiki, haiwaki, au inawaka kila pahala: pa kuanzia kutafuta tatizo

Khabari zenu wenzangu. Hii nawaandikia mlioko SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), mlioko maabara za Unguja na Pemba, mliovuka kwenda kusoma Muhimbili au nje kabisa, na msimamizi kakutupieni mradi wa aptama, ama ya kupigia picha uvimbe wa saratani ama ya kupelekea dawa kwenye seli, na saa hizi mnatizama skrini hakuna kitu. Watu wakikwama huku kitu cha kwanza wanachokimbilia ni kulaumu mfuatano, wanaagiza mwengine, pesa zinakwenda, miezi inakwenda, mana mzigo mpaka ufike visiwani ni khabari nyengine. Mimi nnavoona mara nyingi mfuatano hauna kosa, kilichopotea ni umbo.

Kwa alieingia leo: aptama ni uzi mfupi wa DNA au RNA, nyukliotaidi (herufi) 15 mpaka 80 hivi, unaojikunja ukapata umbo, na hilo umbo ndo linaloshika protini. Njia ya kuzipata inaitwa SELEX, ilitoka mwaka 1990 kwa makundi mawili mbalimbali, Tuerk na Gold kule Colorado, Ellington na Szostak kule Boston, unaanza na mchanganyiko wa nyuzi zaidi ya trilioni mia za mfuatano wa bahati nasibu, unazipitisha kwenye shabaha yako, yaani ile protini au seli unayotaka ishikwe, zinazoshika unazibakisha unazizidisha unarudia tena na tena. Sasa miyaa ile ile ukiisuka mkeka utalalia, ukiisuka kikapu utatilia vitu, na aptama ndo hivo hivo, herufi zote zinaweza kuwa sahihi lkn kama haikujikunja inavotakiwa haitoshika chochote.

Nenda kwa dalili. Tafuta yako.

Hakuna mwanga kabisa kwenye seli

Mwanga tunaousema ni wa rangi iliyofungwa kwenye aptama. Anzia kwenye tyubu yenyewe, usidharau. Oligo, yaani ule uzi mfupi ulioagiza, inakuja imekaushwa, na ndani ya tyubu utaona kiwingu chepesi cheupe au kama ina rangi basi doa dogo, na mara nyengine huoni kitu kabisa, kwa sababu katika kusafirishwa kile kiwingu kimeruka kimeganda kwenye kifuniko. Ukifungua tu bila ya kuzungusha kwenye sentrifyuji umeshakipoteza na hujui. Na kwetu huku kuna la pili, unyevu, khasa masika: tyubu ikitoka friza ukaifungua hapo hapo inavuta maji ya hewani yanaingia ndani, kwaiyo iache ifungwe mpaka ifikie joto la chumba, izungushe, halafu ndo ufungue. Hesabu ya kuyeyusha ni rahisi, soma namba ya nanomoli kwenye lebo zidisha kwa 10 upate maikrolita za bafa (maji ya chumvi ya kuyeyushia), mfano lebo imeandika 25.4, tia maikrolita 254, umepata maikromola 100. Halafu pima tena kwa mwanga wa nanomita 260 usiiamini lebo peke yake.

Tyubu ikiwa salama, uliza: ulikunja? Oligo iliyotoka friza haijakunjwa, imejikunja vyovyote au imeshikana yenyewe kwa yenyewe. Utaratibu wa kawaida ni kuipasha nyuzi 95 dakika 5 ndani ya bafa yake, halafu unaiingiza kwenye barafu ghafla dakika 10, mashine ya PCR inafanya kazi hiyo vizuri tu. Lkn zile zenye G nyingi zinazojikunja kwa ngazi za G nne nne, kama AS1411 inayoshika nukleolini au ile ya herufi 15 ya trombini ya mwaka 1992, hizo zinataka potasiamu na zinataka kupoa pole pole. Na hapa ndo wengi wanakwama, wanatumia PBS wakidhani chumvi ni chumvi, PBS, bafa ya fosfeti ya kawaida, ina kloridi ya sodiamu milimola 137 na kloridi ya potasiamu 2.7 tu. Tia potasiamu ya kutosha uone tofauti.

Magniziamu pia. Aptama nyingi zilizochaguliwa kwa seli nzima zilichaguliwa ndani ya bafa yenye magniziamu milimola 5, bila ya hiyo ule mkunjo unalegea. Katika shelfu zimekaa chupa mbili za DPBS zinazofanana kila kitu, moja ina kalsiamu na magniziamu, nyengine haina, tofauti ni alama mbili ndogo za kujumlisha au kutoa karibu na jina. Geuza chupa usome. Tatizo jengine la jamii hiyo ni EDTA, kemikali inayokamata metali, umebandua seli kwa EDTA hukuziosha vizuri, ile EDTA iliyobaki inakula magniziamu yote.

Na kama ulibandua kwa tripsini, basi yakhe, umeshaikata shabaha. Tripsini inakula protini za juu ya seli, na aptama nyingi za saratani zinashika protini hizo hizo. Aptama ya sgc8, ambayo shabaha yake ni protini PTK7, inapoteza mshiko wake seli zikipitishwa tripsini, na kipimo hicho ndo kilichotumika mwanzo kujua kwamba shabaha yake ni protini. Bandua bila ya tripsini, au wape seli masaa zirudishe protini zao.

La mwisho hapa ni seli zenyewe. Mtu ana aptama ya PSMA, protini ya juu ya seli za tezi dume, anaitia kwenye seli za PC-3 kwa vile kitabu kimesema PC-3 ni saratani ya tezi dume, haiwaki analia. PC-3 hazina PSMA. Seli za LNCaP ndo zenye nayo. Kabla ya aptama, thibitisha shabaha ipo kwa kingamwili inayojulikana.

Rangi nayo ina vituko. Rangi ya FAM ikikaa jirani na G inafifia, na ikiingia ndani ya seli kwenye vile vifuko vyenye tindikali inafifia zaidi, kwaiyo aptama imeingia vizuri kabisa na wewe unaandika kwamba haijaingia. Rangi ya Cy5 haijali tindikali hivo lkn mwanga unaiua haraka, usiiache mezani dirisha wazi.

Kila kitu kinawaka, mpaka ile iliyovurugwa

Hii ni mbaya kuliko ya kwanza kwa sababu inafurahisha. Mtu anaona picha nzuri anakimbia kwa msimamizi, kumbe seli zisizo na shabaha nazo zinawaka na oligo iliyovurugwa herufi, ile ya kulinganishia, nayo inawaka.

Tizama seli zilizokufa kwanza. Seli iliyokufa inameza DNA yoyote, haichagui. Tia rangi ya kutambua maiti, propidiamu au DAPI kutegemea rangi ya aptama yako, uzitoe kwenye hesabu. Umeme ukikatika na inkyubeta ikapoa usiku, asubuhi unazo seli zilizochoka na nusu yake zimekufa, na siku hiyo kila aptama ina mafanikio. Usifanye kipimo cha mshiko siku hiyo, subiri kizazi kijacho cha seli. Wanaokumbuka mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilivyokaa miezi mitatu bila ya umeme wa Gridi wanajua kwamba khabari ya stabilaiza na jenereta kwa maabara ya seli si anasa.

Halafu bafa yako ina vya kuzuia mshiko wa ovyo? tRNA ya hamira miligramu 0.1 kwa mililita na albumini ya ng'ombe miligramu 1 kwa mililita, hivo ndo vinavotiwa kawaida. DNA ina chaji hasi na itaganda kwenye chochote chenye chaji chanya, lazima uipe pahala pengine pa kugandia. Na punguza dozi. Aptama nzuri ina mshiko wa nanomola chache, sasa wewe ukitia maikromola 2 unatafuta nini? Anza na nanomola 250 ushuke chini mpaka uone tofauti baina ya seli yenye shabaha na isiyo nayo, tofauti hiyo ndo matokeo yako, mwanga peke yake si matokeo.

Oligo iliyovurugwa nayo ichunguze. Kama aptama yako ni ya G nyingi halafu mvurugo hauna ngazi za G, hujalinganisha kitu, kwa sababu maumbo ya G yenyewe tu yanavutwa na protini nyingi za seli.

Nyuzi 4 inashika, nyuzi 37 imeachia

Rudi kwenye makala ilikotoka utizame SELEX ilifanyiwa joto gani. Nyingi za seli nzima zilifanyiwa kwenye barafu, ili seli zisimeze vitu, na umbo lililochaguliwa pale halina wajibu wa kusimama kwenye joto la mwili. Mgonjwa hana nyuzi 4. Kwa picha au tiba lazima kipimo cha nyuzi 37 kifanywe mapema kabisa, si baada ya mwaka. Mara nyengine kukata mikia isiyohitajika na kuongeza jozi mbili tatu za G na C kwenye shina kunaisimamisha, lkn kila ukigusa herufi pima mshiko upya.

Kwenye bafa safi, kwenye damu imekufa

Damu ina vimeng'enya vya kukata DNA na RNA. RNA isiyobadilishwa haifiki mbali, ni sekunde au dakika, DNA inajitahidi kidogo zaidi. Pima mwenyewe: tia aptama kwenye siramu nyuzi 37, chota saa 0, saa 1, saa 4, saa 24, piga jeli. Ukiona mstari unashuka pole pole kama ngazi, inatafunwa kutoka ncha, na mlaji mkubwa kwenye siramu anaanzia ncha ya 3, kwaiyo kuziba ncha hiyo kwa timini iliyogeuzwa kunasaidia sana kwa bei ndogo. Ukiona imekatika vipande ghafla inakatwa katikati, hapo ndo unahitaji kubadilisha sukari zenyewe, fluoro au metoksi kwenye kaboni ya 2. Na msidanganywe na siramu iliyopashwa nyuzi 56 nusu saa, huko kupashwa hakumalizi vimeng'enya vyote, na wala hakufanani na damu ya kweli.

Pegaptanib, aptama ya kwanza kuidhinishwa Marekani, Disemba 2004, kwa ugonjwa wa macho wa uzeeni, ilikuwa RNA yenye mabadiliko hayo karibu mwili mzima, ncha imezibwa, na imefungwa PEG, mkia mrefu wa polima, ya kilodaltoni 40. Ya pili, avacincaptad pegol, ilipita Agosti 2023, nayo ya jicho, nayo ina PEG. Hilo la jicho litieni akilini. Dawa inadungwa moja kwa moja pahala pake, vimeng'enya kidogo, figo haliioni. Anaetaka kuipeleka kwenye uvimbe wa ini au matiti kupitia mshipa anaingia kwenye vita ambavyo hizo mbili hazikupigana.

Onyo moja: ukibadilisha sukari baada ya kuchagua, umbo linaweza kubadilika. Usibadilishe zote kwa mpigo.

Picha ya panya: figo na kibofu tu ndo vinawaka

Hilo si kosa la kemia, ni ukubwa. Aptama nyingi ni kilodaltoni 8 mpaka 25, kingamwili ni 150, na figo linapitisha bila shida vitu vya chini ya 30 mpaka 50. Kwa tiba ni tatizo, unafunga PEG au unaipandisha juu ya chembe ya nano. Kwa picha usikimbilie kuirefusha! Kukimbia haraka kutoka damuni ndo faida yake, mana uvimbe unabaki unawaka na nyuma yake kumesafika. Aptama ya TTA1 iliyoshika protini tenasini-C, kazi ya Hicke na wenzake 2006, ilifungwa teknetiamu-99m, metali ya mnunurisho, na kwenye panya damu ilisafika haraka na uvimbe ukabaki na mwanga wake. Kazi hiyo hiyo ilionesha kwamba ukibadilisha kile kishikio cha metali unabadilisha na njia ya kutokea, huku inapita ini na utumbo, kule inapita figo na mkojo. Kwaiyo kama unatafuta uvimbe wa tumboni na utumbo wote umewaka, badilisha kishikio kabla hujabadilisha aptama.

Kama uvimbe nao hauna kitu kabisa wakati kwenye seli iliwaka, rudi kwenye kipimo cha siramu hapo juu, halafu uliza kama protini ya panya inafanana na ya binadamu. Aptama iliyochaguliwa kwa protini ya mtu haina lazima ya kumjua panya.

Kinachowaka ni viungo visivyo na maana

Hii naipenda kwa sababu mwili wenyewe unakwambia kosa liko wapi. Tezi ya shingoni na tumbo vikiwaka na unatumia teknetiamu, teknetiamu imeachia, inazurura peke yake. Mifupa ikiwaka na unatumia florini-18 ni florini iliyobanduka, na zirkoniamu-89 huru nayo inakwenda mifupani. Kopa-64 huru inakwenda ini. Galiamu-68 iliyoachia inapanda kwenye transferini, protini ya damu, inabaki inazunguka damuni, moyo unawaka masaa. Sasa mtu akiona ini linawaka anasema aptama inapenda ini, kumbe aptama ishaondoka zamani na kinachoonekana ni metali.

Sababu za kuachia au kutoshika tangu mwanzo ni chache. Ya kwanza ni chuma na zinki kwenye maji, metali hizo zinawahi kukaa kwenye vishikio vya metali, NOTA au DOTA, kabla ya galiamu, tumia maji na tyubu zisizo na metali. Ya pili na inayofichika zaidi ni bafa ya TE. Oligo nyingi watu wanaziyeyusha kwenye TE, na TE ina EDTA, na EDTA inakula galiamu yako yote. Kwa mwanga wa kawaida haina shida kwa vile unaizimua mara mamia, lkn kwa mnunurisho yeyusha kwenye maji safi yasiyo na metali. Ya tatu, DOTA inataka joto kubwa na tindikali, na DNA ikipikwa kwenye tindikali inamwaga A na G zake, kwaiyo umepata metali imeshika vizuri kwenye uzi uliokufa. NOTA inashika galiamu kwenye joto la chumba, kwa aptama mimi ningechagua hiyo. Funga metali kwanza, safisha, halafu ndo ukunje kwenye magniziamu, usigeuze.

Na saa pia zinahesabika. Galiamu-68 nusu yake inakwisha kwa dakika 68, florini-18 dakika 110, teknetiamu-99m masaa 6. Boti ya kutoka Dar ikichukua masaa mawili, galiamu iliyopakiwa bandarini inafika bandari ya Malindi, Unguja, imebaki chini ya theluthi, bado kushuka na kukaguliwa. Wagonjwa wetu wengi wa saratani wanavuka kwenda spitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, na anaeota siku moja kipimo cha namna hii kifanyike hapa hapa Unguja mama wa watu asipande boti na maumivu yake, namuunga mkono kwa moyo wote, ila aanze mpango wake na teknetiamu, ambayo jenereta yake inakaa wiki pale pale spitali na unaikamua kila asubuhi.

Dawa inaua seli zote, au haiuwi hata moja

Doksorubisini, dawa ya saratani, inajipenyeza baina ya jozi za G na C, hapo ndo ilipokuwa rahisi kuipakia na hapo hapo ndo penye tatizo, haijafungwa, imejipenyeza tu, na ikitoka inaingia seli yoyote bila ya kuomba ruhusa. Ukiona seli zisizo na shabaha zinakufa sawa na zenye nayo, dawa imevuja. Pima hivi: dox peke yake inang'aa karibu na nanomita 590, ikiingia ndani ya aptama inazimika. Ipakie mpaka izimike, iweke kwenye siramu nyuzi 37, mwanga ukirudi pole pole ndo kiasi kinachovuja. Ikivuja nyingi, ifunge kwa kemia ya kweli yenye kiungo kinachokatika ndani ya seli.

Kwa siRNA, uzi mfupi wa RNA wa kunyamazisha jeni, kinyume chake, inaingia seli inayotakiwa, picha nzuri, jeni haishuki. Imekwama kwenye vifuko vya ndani. Sehemu ndogo sana, chini ya asilimia 1 kwa vipimo vingi, ndo inayotoka kwenda kufanya kazi. Nukta nukta zinazowaka ndani ya seli ni kifungo, usiziandike kama mafanikio, mafanikio utayapima kwenye mRNA ya jeni hiyo.

Mnyama anavimba, anatetemeka, au mgonjwa anapata mzio

Simamisha. Mfuatano wenye C ikifuatiwa na G bila ya mabadiliko unaweza kuamsha kinga kupitia TLR9, kipokezi cha kinga, hilo unalizuia kwa kuitilia C metili au kuzikwepa jozi hizo. La PEG ni zito zaidi. Pegnivacogin, aptama ya kuzuia damu isigande, jaribio lake kubwa lilisimamishwa 2014 likiwa na wagonjwa zaidi ya 3,000 kwa sababu ya mizio mikali, na ikaja kuonekana walioathirika walikuwa na kingamwili dhidi ya PEG kabla hata hawajadungwa, mana PEG imejaa kwenye dawa nyengine na vipodozi. Uzi wa RNA haukuwa mkosa. Kwaiyo kila mwenye mpango wa kufika kwa binadamu apime kingamwili hizo mapema, na asitie PEG kwa mazoea tu.

Nimefanya yote na bado

Basi yawezekana kweli aptama yenyewe haifai, na hili lisiwavunje moyo. Mwaka 2021 ilitoka kazi kwenye Nature Communications iliyolinganisha aptama 15 za juu ya seli zilizokwishachapishwa, na tano tu ndo zilizoonesha kushika shabaha yake kwa uaminifu. Zilizobaki zina makala, zina picha, na wanafunzi wanaziagiza mpaka leo.

Ndo mana usiagize aptama mpya peke yake. Katika mzigo huo huo tia sgc8 yenye rangi ile ile na mvurugo wake, na uwe na seli za CCRF-CEM zenye PTK7 na Ramos zisizo nayo. Zikiwaka CEM na Ramos zikabaki kiza, bafa yako, joto lako, seli zako na mashine yako viko sawa, na hapo ndo una haki ya kumwandikia msimamizi kwamba mfuatano aliokupa haushiki.